Tawa la Bibi

Kimya kingi kina mshindo. Wiki tatu sijaandika kitu hapa, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama kalamu imenikauka. Hapana, ndugu zangu. Nilikuwa Tanga kwa bibi, na huko nilifanya kosa lililonifundisha historia ambayo sikuipata darasani.

Kosa lenyewe ni hili. Bibi ana tawa, lile bamba la chuma la duara la kuchomea chapati, zito, jeusi tititi. Hulitumia uani, juu ya jiko la mkaa. Asubuhi moja mjukuu mwema nikajitia kusaidia: nikalisugua kwa waya na sabuni ya unga mpaka likang'aa kama sarafu mpya, kisha nikaliacha uani likauke lenyewe. Jioni lilikuwa limeshaota kutu, maana hewa ya bahari haina subira na chuma kitupu. Chapati ya kwanza iliganda, ikachanika. Bibi hakupiga kelele. Alisema tu, "Mjukuu wangu, umenifutia miaka yangu yote."

Nilidhani ni maneno ya uzee. Kumbe weusi ule si uchafu. Ni mafuta yaliyopigwa na moto mkali, tabaka juu ya tabaka, mpaka yakageuka ngozi ngumu inayozuia unga usigande na kutu isiingie. Kwa hiyo tawa halilowekwi, wala halimwagiwi maji baridi likiwa la moto, kwani bamba jembamba hupinda, mafuta yakakimbilia upande mmoja, na la chuma cha kuyeyushwa huweza kupasuka. Ukimaliza kupika unakwangua makombo, unafuta kwa kitambaa, unapaka mafuta kidogo sana, basi.

Siku mbili tulikaa uani tukilifufua. Tunasugua kutu, tunakausha motoni, tunapaka mafuta membamba, tunaacha yatoe moshi mpaka yaishe, halafu tunaanza tena. Katika kungoja huko ndipo nilipouliza: "Bibi, tawa hili ulilinunua wapi?"

Hakulinunua. Alipokuwa msichana alifanya kazi za ndani kwa familia moja ya Kihindi hapo mjini. Mwaka 1971 serikali yetu ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuwa wakiyakalia yote. Wengi wa walioguswa walikuwa Waasia, na wengi wakaondoka nchini. Familia ile nayo ilifunga mizigo. Mama mwenye nyumba akamwachia bibi tawa.

Nikamuuliza, je, walikuwa watu wema? Bibi akafikiri. "Alinifundisha kusukuma chapati kwa mkono wake. Lakini chai nilikunywa kwa kikombe changu peke yangu, na nilikula hapa nje." Sikuongeza swali.

Sasa wasomaji wangu, hebu tujiulize. Chapati hii tunayoiita yetu, ya Idi na ya Krismasi, imefikaje hapa? Jina ni la Kihindi. Tawa nalo ni neno hilo hilo la Wahindi. Wafanyabiashara wa Kigujarati walikuwa Zanzibar na pwani hii kabla ya ukoloni wa Mwingereza na Mjerumani, kwa hiyo tusiseme kila kitu kililetwa na treni. Lakini treni ilileta watu wengi. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, na kwa kazi hiyo walileta karibu vibarua 32,000 kutoka India, wengi wao kutoka Punjab, nchi ya ngano na mikate bapa. Karibu 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliobaki walirudi kwao, na kama 6,700 wakakaa Afrika Mashariki.

Sisi nasi tukaipokea chapati na kuigeuza. Hii yetu inayopakwa mafuta, ikazungushwa kama konokono na kusukumwa tena ili iwe na tabaka, inafanana zaidi na ile ambayo Wahindi huiita paratha. Jina tukachukua la nyingine.

Kisa hiki hakikuishia Tanga. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Wapatao 27,000 walikwenda Uingereza, wengine Kanada, India na kwingineko. Kazi ya uandishi iliwahi kunifikisha Kampala, na jioni nikaenda Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, kula roleksi. Kijana anasimama kando ya barabara, mbele yake bamba la chuma juu ya mkaa. Anakaanga mayai yenye kabichi, kitunguu na nyanya, anaweka chapati juu, anakunja, unaondoka nayo mkononi. Ndicho chakula cha barabarani ambacho Uganda inajivunia mbele ya wageni. Nilikula mbili bila kuwaza lolote. Leo nawaza: wenye tawa walifukuzwa, tawa likabaki, na likalisha watoto wa waliobaki.

Sisemi hivi ili kumtakasa mtu. Kikombe cha bibi cha peke yake ni historia, na siku 90 za Amin ni historia. Tatizo letu ni kwamba tunapenda kuchagua moja na kuisugua nyingine kwa waya.

Tawa linaendelea vizuri. Limeshaanza kuwa jeusi katikati, pembeni bado lina madoa ya kahawia. Chapati tatu za mwanzo walikula kuku. Ya nne bibi aliigeuza, ikateleza, akanitazama akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifanye balaa langu.

Kama kwenu kuna chombo cha zamani, muulizeni mwenyewe kabla hajaondoka. Na msikisugue kwanza.

Alamsiki.