Tabo Kubwa au Injini Nzima? Historia Fupi ya Upepo Ndani ya Injini

Kwa kawaida hapa huwa tunaongea mambo ya programu na tarakilishi, lakini leo naomba mnivumilie niwapeleke gereji. Msiwe na wasiwasi, kabla hatujamaliza tutakuwa tumerudi kwa tarakilishi.

Tabo ninayoizungumzia si mji wa Turbo, ule ulioko kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Webuye. Ni kile kifaa kinachofanya gari liandikwe TURBO nyuma na vijana waligeukie likipita.

Kisa chenyewe ni hiki. Nina gari dogo la Kijapani, silinda nne, lita mbili, lenye tabo ya kiwandani. Mwaka 2019 nilijifanya fundi. Nilinunua vali ndogo ya bei rahisi, ile inayodanganya mfumo wa tabo ili isukume hewa zaidi, nikapandisha presha kutoka baa 0.8 hadi 1.2. Sikugusa kitu kingine. Wiki tatu nilikuwa mfalme wa barabara. Wiki ya nne, nikitoka Naivasha na kupanda mteremko wa Mai Mahiu kuelekea Limuru, nilisikia mlio kama wa mtu anayetikisa kokoto ndani ya kopo. Sikuondoa mguu. Dakika moja baadaye moshi wa buluu ulijaa nyuma, na gari likarudi Nairobi likivutwa. Pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imevunjika ukingo unaoshika ringi. Akiba yangu ya mwaka mzima ilikwisha, na kosa halikuwa la mtu mwingine.

Sasa injini nyingine imo ndani, nimeweka tena akiba kidogo, na tabo ya zamani imechoka. Lazima ninunue nyingine. Fundi wangu ameniambia, "Mkubwa, weka kubwa moja kwa moja. Kubwa haikosei." Safari hii sikumjibu haraka. Nilikaa jioni kadhaa nikisoma historia ya kifaa hiki, na niliyoyapata ndiyo ninayowaletea leo.

Mswisi na moshi unaopotea

Injini ya petroli ni mfujaji mkubwa. Sehemu kubwa ya joto la mafuta unayoyalipia hutokea kwenye ekzosi bila kusukuma gurudumu. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyezaliwa Winterthur mwaka 1879, aliuona uharibifu huo. Mwaka 1905 alisajili hataza ya wazo lake: moshi unaotoka uzungushe gurudumu dogo lenye mapanga, na gurudumu hilo lizungushe jingine linaloshindilia hewa safi ndani ya injini. Hewa nyingi inaruhusu mafuta mengi, na mafuta mengi yanaleta nguvu nyingi.

Wazo lilikuwa mbele ya vyuma vya wakati wake. Ilichukua miaka 20 hadi 1925 kabla Büchi hajafaulu kweli, tena kwa injini za dizeli za meli. Meli mbili za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, ziliwekewa injini za silinda kumi ambazo nguvu yake ilipanda kutoka 1,750 hadi 2,500 kwa msaada wa tabo. Hapo tayari somo la kwanza limejitokeza: kujua namna ya kuongeza hewa ni kitu kimoja, na kuwa na chuma kinachostahimili hewa hiyo ni kitu kingine.

Mlima wa Pikes Peak, na sisi wa Nairobi

Huku nyuma, Wamarekani walikuwa na shida ya ndege. Ndege ikipanda juu, hewa inakuwa nyepesi na injini inakosa pumzi. Mwaka 1918, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, kama mita 4,300 juu ya bahari. Injini iliyotoa nguvu farasi 350 chini ilitoa 230 tu kule kileleni. Ilipowekewa tabo, ilitoa 356 kulekule juu.

Jaribio hilo linatuhusu sana sisi wa nyanda za juu. Mombasa hewa inakandamiza kwa takriban baa 1.01. Nairobi ni kama 0.83, na Limuru ni kama 0.78. Saa ya presha ndani ya gari haikuonyeshi jambo hilo, kwa sababu inapima ziada tu juu ya hewa ya nje. Tabo yenyewe inalisikia. Chukua baa 1.2 nilizokuwa nazo: Mombasa tabo ingetakiwa kuishindilia hewa mara 2.2 hivi. Pale juu karibu na Limuru ilitakiwa kuishindilia mara 2.5. Tabo yangu ndogo ilikuwa inazungushwa kupita uwezo wake, na badala ya kunipa hewa ilikuwa inanipa joto. Nilidhani nimeongeza presha, kumbe nilikuwa nimewasha jiko.

Oldsmobile na tangi la maji

Hiki ndicho kipande cha historia kilichonigusa zaidi. Mwaka 1962 kampuni ya General Motors ilitoa magari mawili ya tabo karibu kwa wakati mmoja: Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu "kugonga". Mchanganyiko wa hewa na petroli unapaswa kuungua kwa utaratibu, moto ukianzia kwenye plagi na kuenea. Ukiushindilia sana, au ukiwa na joto sana, sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Mlipuko huo unapiga pistoni kama nyundo. Zile ndizo kokoto zangu za Mai Mahiu.

Wahandisi wa Corvair waliogopa kugonga, kwa hivyo walipunguza mgandamizo wa injini hadi 8 kwa 1, wakakubali gari lisiwe na makali sana tabo inapolala. Wale wa Oldsmobile walitaka vyote viwili. Injini yao ya V8 ya alumini, lita 3.5, waliiacha na mgandamizo wa 10.25 kwa 1, kisha wakaongezea tabo juu yake. Walipata nguvu farasi 215, yaani nguvu moja kwa kila inchi ya ujazo, jambo la kujivunia wakati huo. Ili isigonge, waliweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, wakayaita Turbo-Rocket Fluid. Kimiminika hicho kilinyunyiziwa ndani ya injini kupoza mchanganyiko.

Wahandisi hao hawakuwa wajinga. Waliweka hata kinga: tangi likikauka, vali inaziba na presha ya tabo inapungua. Ni programu nzuri kabisa, isipokuwa walisahau mtumiaji. Wenye magari hawakujaza tangi. Gari likapoteza nguvu, wakalalamika kwamba ni bovu. Wengi walitolewa tabo wakawekewa kabureta ya kawaida, na Jetfire ikaondoka sokoni baada ya mwaka 1963, ikiwa imetengenezwa chini ya magari 10,000. Corvair ya tabo, ile iliyoanza kwa unyenyekevu, iliendelea hadi 1966.

Wenzangu waandika programu, mmeona? Mfumo ambao usalama wake unategemea mtumiaji kukumbuka kitu kila wiki ni mfumo uliokwisha kufeli, hata kama bado haujafeli.

Mbio za nguvu

Miaka ya sabini wengi walikwenda njia ya tabo kubwa. BMW 2002 Turbo ya 1973 na Porsche 911 Turbo ya 1975 zilisifika kwa nguvu, na pia kwa kumshtua dereva: unakanyaga, hakuna kitu, halafu ghafla kila kitu kinakuja kwa pamoja ukiwa katikati ya kona.

Kwenye Formula 1, Renault walileta tabo Silverstone mwaka 1977, na siku hiyo tabo ilikufa kabla ya mbio kumalizika. Hawakukata tamaa, na mwaka 1979 walishinda Ufaransa. Mwaka 1983 Nelson Piquet akawa bingwa wa dunia akitumia injini ya BMW ya lita 1.5 tu. Kufikia 1986 injini kama hizo zilitoa zaidi ya nguvu farasi 1,000 wakati wa kuwania nafasi za kuanzia. Lakini injini ile ya kuwania nafasi ilijengwa kwa mizunguko michache tu. Ya mbio zenyewe ilipunguzwa presha ili ifike mwisho. Hatimaye wakuu wa mchezo waliweka kikomo cha baa 4 mwaka 1987, wakashusha hadi 2.5 mwaka 1988, na mwaka 1989 tabo zikapigwa marufuku.

Kwetu nyumbani kipimo kilikuwa kingine. Toyota Celica ya tabo ilishinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda akiendesha Celica ya tabo pia. Safari haikumpa mtu kombe kwa mzunguko mmoja wa kasi. Vumbi, matope, jua na maelfu ya kilomita vilikuwa vinauliza swali moja: utafika?

Saab na sikio la injini

Waliolitatua tatizo kwa njia inayonifurahisha mimi ni Waswidi wa Saab. Saab 99 Turbo, iliyoonyeshwa mwaka 1977, ilikuwa na injini ya lita mbili, nguvu farasi 145. Walichagua tabo ndogo inayoamka mapema, na kilango kinachomwaga moshi wa ziada presha ikifika kiwango. Hawakuwinda nguvu ya kutisha. Walitaka nguvu unayoweza kuitumia ukipita lori.

Kisha, kwa magari ya mwaka 1982, wakaongeza mfumo walioupa jina APC. Waliweka kifaa kwenye chuma cha injini kinachosikiliza mitikisiko. Kikisikia dalili ya kugonga, mfumo unafungua kile kilango na kushusha presha. Injini ikitulia, inapandisha tena. Petroli mbaya? Inashuka. Petroli nzuri? Inapanda. Kazi ambayo Oldsmobile walimwachia mtumiaji na tangi lake, Saab waliikabidhi sakiti ya umeme isiyosahau.

Leo magari mengi ya petroli yenye tabo yana sikio hilo, na tarakilishi ya injini inafanya kazi kwa majedwali: mstari ni mizunguko kwa dakika, safu ni mzigo wa hewa, na ndani ya kila kisanduku kuna kiasi cha petroli na wakati wa cheche. Mwaka 2019, nilipopandisha presha kwa vali ya bei rahisi, niliipeleka injini mahali ambapo jedwali halikuwa na safu. Tarakilishi ikaendelea kutumia safu ya mwisho iliyoijua. Kila mwandika programu anajua kinachotokea ukisoma nje ya mpaka wa jedwali.

Hesabu yangu

Basi nilichukua kalamu. Injini ya lita mbili, mizunguko 6,500 kwa dakika, presha ya baa 0.9 hapa Nairobi. Ukiikadiria kujaa kwa asilimia 90, na hewa ikiwa imepozwa hadi nyuzi 50, injini inameza kama kilo 11 za hewa kwa dakika. Hiyo inatosha kama nguvu farasi 240. Tabo itashindilia mara 2.1 hivi. Hata ikiwa na ufanisi wa asilimia 70, hewa iliyoingia kwa nyuzi 25 itatoka ikikaribia nyuzi 125 kabla ya kufika kwenye intakula. Ndiyo maana intakula iliyoziba vumbi ni hatari sawa na tabo mbovu.

Kwa hiyo ninahitaji tabo inayofanya kazi vizuri kwenye kilo 11, mara 2.1. Ile "kubwa" ya fundi inaanza kujisikia vizuri kwenye kilo 18. Kwangu ingechelewa kuamka, na ili nifaidi ukubwa wake ningelazimika kupandisha presha, kisha kubadilisha pampu ya petroli, nozeli, pistoni na konrodi. Wanaosimulia nguvu farasi 1,000 mara nyingi wanazungumzia injini kama 2JZ ya Toyota Supra, lita tatu, silinda sita, bloku ya chuma cha kalibu. Yangu ni ya alumini, na imeshatembea Japani kabla ya kuja hapa.

Nimeamua tabo ya ukubwa wa kati, nafasi moja tu juu ya ile ya kiwandani. Fedha inayobaki itanunua pampu mpya ya petroli, kusafisha nozeli, na siku nzima ya kutyuni kwenye mashine ya kupimia. Tarakilishi itawekewa kikomo: presha ikipita baa 1.0, petroli inakatwa, hata mimi nikisihi.

Nilimpelekea fundi karatasi yangu. Aliisoma kimya, akaigeuza, akaisoma tena. Kisha akasema, "Sawa mkubwa. Hii itakufikisha Naivasha na kukurudisha."

Mwaka 2019 nilifika Naivasha. Kurudi ndiko kulikonishinda.