Baba wa Kambi: Jamaa za Wafanyakazi wa Shaba katika Katanga

Tunapofundisha wachumba, mara nyingi tunasema: baba ndiye anayelisha nyumba, mama anatunza watoto, na ndivyo ilivyokuwa tangu wazee. Katika kambi za Katanga neno hilo halipatani na historia. Baba mwenye kulisha nyumba kwa mshahara wake peke yake hakutoka kwa wazee. Alitoka kwa kampani.

Walamba, wenyeji wa inchi ya Lubumbashi, na Wabemba vilevile, wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba alikuwa na amri juu ya watoto wa dada yake, na kijana aliyeoa alifanya kwanza kazi kwa wakwe zake. Chakula kilitoka sana katika jembe la bibi.

Union Minière ilianza mwaka 1906, na tanuru la Lubumbashi likayeyusha shaba mara ya kwanza mwaka 1911. Miaka ile wanaume waliletwa peke yao kwa miezi michache. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengi walitoroka. Karibu na mwaka 1928 kampani ikageuza shauri: mkataba wa miaka mitatu, na bibi aje pamoja. Kijana asiye na mali ya ndoa aliweza kukopeshwa. (Si kwa mapendo, bali kwa hesabu: mtoto wa kambi ni mfanyakazi wa kesho.) Posho ya bibi na ya watoto ikapimwa, wazazi wakapata hospitali, na masomo yakatiwa mikononi mwa wamisionari. Basi sisi wa Kanisa tulikuwamo katika shauri lile, tusijifiche. Watu wakazoea kusema kwamba kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Lakini Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma kwa ajili ya mshahara, askari waliwapiga risasi.

Mwaka 1967 serikali ilitwaa kampani, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, na posho ikaendelea. Katika miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 2002 hazikufika 30,000. Mishahara ilichelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa malipo ya mara moja. Mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika historia ya jamaa hizo katika kitabu cha mwaka 2001, na jina lake ndilo hili: watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Nani alilisha nyumba basi? Wamama. Walilima mashamba nje ya mji, waliuza unga, samaki na makala, na kwa feza ile watoto walilipiwa masomo. Bibi alirudia jembe la nyanya yake. Lakini bwana hakuwa na njia ya kurudi, kwa maana wakwe na wajomba walibaki mbali, na cheo chake kilikuwa mshahara tu. Hapo ndipo ugomvi wa nyumba nyingi ulipoanza, ule tunaoitiwa usiku kuamua.

Wengine wetu wamekwisha kuacha neno lile katika mafundisho ya ndoa. Wengine wanalisema bado, na wababa mbele yao wanatazama chini.