Kinakilishi, Wala Si Kigezo

Nimekutana tena na "kigezo cha unakili", tafsiri ya transcription factor, katika faharasa mpya ya biolojia, na safari hii sitanyamaza. Kigezo kimezaliwa na kitenzi geza, yaani kupima kwa kufananisha. Fundi cherehani hulaza kigezo juu ya kitambaa akakata kwa kukifuata. Chenyewe hakikati wala hakiamuru. Katika unakili wa jeni kigezo kipo tayari, nacho ni uzi wa DNA. Waliolibandika jina hilo kwenye protini inayoushika uzi huo wamemwita msimamizi wa karakana kwa jina la karatasi.

Tazama hamira. Kwenye kromosomu yake ya 12 zimepangwa jeni za RNA ya ribosomu, nakala zipatazo 150, na msomaji wake ni polimerasi I. Msomaji huyo haanzi peke yake. Lazima kwanza ashikwe na protini iitwayo Rrn3. Mlangoni mwa jeni hukaa kundi la protini Rrn6, Rrn7 na Rrn11. Juu kidogo ya mlango imejikita timu nyingine ya protini, UAF, ambayo maabara ya Masayasu Nomura kule Irvine, California, iliieleza mwaka 1996. Baadaye ikaonekana kwamba ndani yake zimo hata histoni, zile tulizozoea kuziona zikikunja DNA. Hakuna hata moja kati ya hizi inayonakili. Zote humfanya mwingine anakili.

Na kumfanya mwingine atende, Kiswahili kimekuwa na kiambishi chake tangu zamani: -ish-. Wakili ametupa wakilisha, wakilisha ikatupa kiwakilishi, na hakuna mwanafunzi wa shule ya msingi anayelishangaa neno hilo. Basi nakili itupe nakilisha, na nakilisha itupe kinakilishi. Mzizi wenyewe ni naql ya Kiarabu, kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali, kisha kuhamisha maandishi kutoka waraka hadi waraka. Maana zote mbili zinatufaa, maana RNA hunakiliwa ndani ya kiini, kisha huhamishwa nje ikiwa sehemu ya ribosomu. Hata factor ya Kilatini, asili ya istilahi ya Kizungu, ilikuwa na maana ya mtendaji. Haikuwa kipimo.

Wapo wanaopendelea "kichocheo". Hawajaitazama UAF vizuri. Hiyo hiyo inayomwita polimerasi I humzuia polimerasi II asizinakili jeni hizo. Ikiondolewa, polimerasi II hujiingiza. Kichocheo gani hicho kinachofunga mlango? Wengine wamenijibu kwamba kinakilishi litadhaniwa ni mashine ya kutolea nakala. Mashine hiyo inanakili yenyewe, hainakilishi. Aliyepewa jukumu la kutunga istilahi angepaswa kuisikia tofauti hiyo kabla hajashika kalamu.

Niliandika haya yote, kwa mwandiko safi na mifano kumi na miwili, nikayapeleka kwa watunzi wa faharasa mara mbili. Sikujibiwa hata kwa mstari mmoja. Faharasa ikatoka na "kigezo", na kurasa mbili mbele DNA nayo imeitwa kigezo.

Kuhusu matumizi: ngeli ni KI-VI, kinakilishi, vinakilishi; Rrn3 ni kinakilishi cha polimerasi I.