Nani Hupanda Mwembe? Historia ya Bustani ya Nyumbani, kutoka 1893 hadi Tindiga

Bustani nzuri ya nyumbani huchukuliwa kuwa anasa ya wenye nafasi: nyasi zilizokatwa, maua langoni, kijia cha mawe. Mimi naliona jambo hili kuwa la historia, na hasa historia ya ardhi. Mtu hupamba mahali anapoamini kwamba atakaa. Anayeishi kwa mashaka hupanda mchicha, kwa kuwa mchicha huvunwa baada ya wiki chache. Mwembe humdai mpandaji wake miaka.

Mwaka 1893 utawala wa Kijerumani ulianzisha Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam chini ya Franz Stuhlmann. Mwaka huohuo Richard Hindorf aliingiza katani nchini kutoka Florida; ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga, na baadaye ya Kimamba na kwingineko wilayani Kilosa. Katika kambi za mashamba hayo, manamba alihesabiwa kwa kipande cha siku 30 za kazi. Apande mwembe kwa ajili ya nani?

Tusidhani kwamba Mwafrika hakujua bustani mpaka aonyeshwe. Kihamba cha Uchagani, chenye migomba, kahawa na miti ya kivuli iliyopangwa kwa ngazi, ni bustani kamili, nayo ilistawi kwa sababu ilirithiwa. Penye uhakika wa urithi, mkono haukosi cha kupanda.

Pigo jingine tulijipa wenyewe. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa 1976. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji viwafikie watu. Hata hivyo, familia nyingi ziliiacha miti ya matunda na makaburi ya wazee wao, zikaanza upya katika viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Aliyehamishwa mara moja huogopa kuhamishwa tena.

Tindiga, katika Wilaya ya Kilosa, hofu hiyo ina mwenzake: maji. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwapeleka maelfu ya wakazi wa wilaya hii kwenye mahema. Kwa hiyo, katika mabonde haya, kubuni bustani huanza na mfereji, kisha maua hufuata. Inueni matuta ya mboga. Elekezeni maji mbali na msingi wa nyumba. Pandeni mchaichai kwenye kingo ili ushike udongo. Migomba na mipapai iwe karibu na bafu, inywe maji yanayomwagika. Mwembe ukae upande wa magharibi, uizuie jua la alasiri. Mbele ya nyumba pabaki uwanja wa kufagiwa, maana kwa wazee wetu uwanja safi ni pambo, na nyoka haujifichi humo. Mpaka uwe wa minyaa, au wa katani ileile ya Hindorf, safari hii ikimlinda mwenye nyumba.

Lakini mpaka wa katani hautoshi bila karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na inatambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayemwagilia. Jina lake lisikosekane katika hati hiyo.

Ndugu zangu watumishi wa halmashauri, mkitaka vijiji vya kijani, msianze na kugawa miche. Anzeni na upimaji na hati. Mwenye uhakika na ardhi yake ataitafuta miche mwenyewe.