Udhibiti wa malale Koboko na Arua
Udhibiti wa malale katika wilaya za Koboko na Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni mfano wa tatizo tata lililotatuliwa kwa fikra tunduizi. Vimelea vya malale hayo, Trypanosoma brucei gambiense, huenezwa na mbung'o. Mitego mikubwa ya mbung'o ilikuwa ghali, hivyo watafiti walichunguza upya tabia za mdudu huyo: huishi kandokando ya mito na huvutwa na rangi ya buluu. Kuanzia 2011, katika eneo la West Nile, zilimo wilaya hizo, walijaribu vitambaa vidogo vya buluu, vyenye upande wa sentimita 25, vilivyounganishwa na wavu wenye dawa. Mbung'o walipungua sana. Wagonjwa nao walitafutwa na kutibiwa. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba nchini Uganda malale ya gambiense si tena tatizo la afya ya jamii.