Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni: Historia ya Kulisha Mawindo Hai Jijini London

Anayefuga chatu nyumbani hana budi kumlisha nyama, na kwa miaka mingi nyama hiyo ilitiwa kizimbani ikiwa hai: panya, sungura au kifaranga. Je, ni haki kumtupa mnyama mmoja kwa mwingine ambaye sisi wenyewe ndio tuliomfungia? Insha hii inajadili swali hilo kwa kufuata historia ya London, jiji ambalo ubishi huu uliacha kumbukumbu nyingi. Hoja yangu ni kwamba kwa muda mrefu waliobishana walimfikiria mla na mtazamaji, wakamsahau anayeliwa.

Tangu karne ya 13, wafalme wa Uingereza walifuga wanyama wa kigeni katika Mnara wa London. Simba na dubu walioletwa kama zawadi walikuwa alama ya ukuu wa mfalme. Katika karne ya 18, raia aliyetaka kuwaona alilipa nusu peni tatu, au alileta paka au mbwa wa kulishwa simba. Utaratibu huo unatuonyesha fikra za wakati ule: paka alikuwa sawa na sarafu, na mlangoni alipokelewa kama sarafu.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1822 Bunge lilipitisha sheria iliyopiganiwa na mbunge Richard Martin ya kuwalinda ng'ombe, farasi na kondoo dhidi ya ukatili. Mwaka 1824 kikaundwa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, na mwaka 1835 sheria nyingine ikapiga marufuku kuwapiganisha mbwa na dubu au fahali. Mwaka huohuo ufugaji wa Mnarani ulifikia mwisho wake. Kufikia hapo wanyama wengi wa Mnara walikuwa wamehamishiwa bustani mpya ya Zoological Society of London, iliyofunguliwa Regent's Park mwaka 1828.

Hata hivyo, mwaka 1849 bustani hiyo ilifungua jengo la nyoka na watambaazi wengine, na swali la zamani likarudi kwa sura mpya. Nyoka walipewa sungura, simbilisi na ndege walio hai, na watu walikwenda kutazama. Mwandishi Charles Dickens aliwahi kukuta nyoka wakilishwa. Katika barua kwa rafiki yake alieleza kwamba hakuweza kuiondoa picha ile akilini. Alichokumbuka zaidi ni simbilisi aliyesimamisha manyoya kwa hofu, na shomoro waliojibanza pembeni, kila mmoja akitaka awe wa mwisho kukamatwa. Dickens aliliona tendo lile kwa macho ya mawindo, jambo ambalo wengi hawakulifanya.

Waliotetea desturi hiyo walikuwa na hoja mbili: nyoka hali mzoga, na kumla kiumbe hai ndiyo asili yake. Waliopinga walisema zaidi kwamba tamasha kama lile linaharibu mioyo ya watazamaji, hasa watoto. Mwishowe nyoka wakaacha kulishwa mbele ya hadhira. Hapa ndipo penye somo kubwa la historia hii. Pazia lilimwondolea mtazamaji uchungu, lakini sungura hakupunguziwa chochote. Aliendelea kufa vilevile, ila sasa bila shahidi.

Hoja ya ulazima ilidhoofika baadaye, wafugaji walipojifunza kwamba nyoka wengi hukubali panya aliyekwisha kufa, akipashwa joto na kutikiswa kwa koleo mbele yao. Tena panya hai anaweza kumng'ata nyoka na kumjeruhi vibaya. Kuhusu hoja ya asili, naiona haisimami. Porini sungura ana miguu, ana nyasi, ana shimo, pengine ataponyoka. Kizimbani ana kuta nne. Aliyemwondolea nafasi ya kukimbia ni binadamu, kwa hiyo binadamu hawezi kuusingizia msitu.

Wapo watakaosema kwamba hata panya wa kugandishwa aliuawa, hivyo hakuna tofauti. Tofauti ipo, nayo ni namna ya kufa. Kuuawa haraka si sawa na kusubiri kifo ndani ya sanduku pamoja na anayekuwinda. Sheria ya Uswisi ya mwaka 2008 imefuata mantiki hiyo: miongoni mwa masharti yake, mnyama pori anaweza kupewa mawindo hai iwapo hawezi kulishwa kwa njia nyingine, au iwapo anaandaliwa kurudishwa porini. Swali la ulazima, ambalo zamani lilikuwa ngao ya mfugaji, sasa limekuwa kipimo chake.

Historia hii inatugusa Afrika Mashariki pia, kwa sababu baadhi ya wanyama hao hutoka kwetu. Vinyonga wa milima ya Tanzania waliuzwa kwa wafugaji wa ng'ambo kwa miaka mingi, hadi Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Kinyonga huvutwa na mdudu anayetembea, na kumzoesha chakula kilichokufa ni kazi ngumu. Kwa mnyama wa aina hiyo, swali linapaswa kuanza mapema zaidi, kabla hajatiwa kwenye sanduku la safari: kuna ulazima gani wa kumfuga?

Kwa kuhitimisha, wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Chatu hana kosa kwa kunyonga. Hiyo ndiyo riziki yake. Deni ni la aliyeufunga mlango wa kizimba. Kutoka paka wa Mnarani hadi panya wa leo, anayeliwa ndiye aliyechelewa kuliko wote kuingizwa katika hesabu ya haki.