Kibiti: Raia Kati ya Mauaji na Msako

Katika delta ya Rufiji, yaani eneo ambalo mto hugawanyika katika matawi mengi yaliyozungukwa na mikoko kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, suala la kumlinda raia asiye na silaha ni la zamani kuliko dola ya Tanzania yenyewe. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji aliyosema yangewakinga na risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya Vita vya Maji Maji kuanza katika milima ya Umatumbi. Kifo chake hakikuzima vita, na utawala wa Kijerumani ukachoma vijiji, mashamba na maghala, hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Zaidi ya karne moja baadaye, katika miaka ya 2016 na 2017, suala hilo lilirudi Kibiti, wilaya ya eneo hilo la delta, ambako wauaji waliwalenga hasa watendaji, askari polisi, na wenyeviti wa vijiji na vitongoji. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayeandika barua ya utambulisho na kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, mara nyingi akiwa barazani kwake, hivyo kumuua ni kuivunja serikali mahali ambapo mwananchi huigusa kwa mkono. Tarehe 13 Aprili 2017 askari 8 waliuawa katika shambulio moja la kuvizia; baadaye kukaundwa kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji, na bodaboda zikapigwa marufuku usiku, ingawa kwa mjamzito aliyeshikwa na uchungu pikipiki ndiyo njia ya kufika zahanati.

Mauaji yalipungua, lakini familia kadhaa zilieleza kwamba jamaa zao walichukuliwa wakati wa msako wa kuwatafuta wauaji na hawakurudi, wala hawakufikishwa mahakamani, ilhali ibara ya 13 ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi aliyeyaripoti mauaji hayo, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Kwa familia ya Kiislamu, na wakazi wengi wa huko ni Waislamu, aliyetoweka bila kuthibitishwa kufa huacha mambo yote yakining'inia: mkewe hawezi kuanza kukaa eda, yaani muda wa kungoja baada ya kufiwa na mume, na mirathi haigawanywi.